Kuchovya Bila Asali: Hadithi za Kisayansi na Waya wa Ubongoni

Mwaka 1986 jarida la kitabibu liitwalo Pain lilichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja wa kike aliyekuwa na kidonda sugu kwenye ncha ya kidole. Hakujikata wala hakuungua. Kidole hicho ndicho alichokuwa akizungushia kitufe cha kifaa kilichounganishwa na waya uliopandikizwa ndani kabisa ya ubongo wake, kwenye thalamasi. Waya uliwekwa ili kumtuliza maumivu ya miaka mingi yaliyozishinda dawa. Ulituliza, lakini ulimletea pia msisimko wa kimapenzi, na mgonjwa akawa anauwasha kutwa nzima. Akaacha kujitunza mwili. Shughuli za familia zikamshinda. Akawa anakichokonoa kifaa ili kitoe umeme mwingi kuliko kilivyopangwa. Kuna nyakati aliwasihi jamaa zake wamzuie asikifikie, na kila walipofanya hivyo haukupita muda akakidai tena.

Mtu akisimuliwa kisa hiki bila kutajiwa jarida, atadhani kimetoka riwayani. Si kosa lake. Miaka 17 kabla ya taarifa ile, Mmarekani Larry Niven alikwisha kumchora mtu wa namna hiyo. Katika hadithi yake ya 1969, mwanamume anakutwa chumbani amekufa kwa njaa, ameketi kitini, uso una tabasamu, na waya umetoka ukutani ukaishia kichwani mwake. Baadaye mpelelezi anagundua kwamba ni mauaji yaliyopambwa yafanane na uraibu, lakini picha iliyobaki kwa wasomaji ni ile ya tabasamu.

Onyo la hadithi za aina hii hufungwa lote kwenye neno moja, kutoroka: kwamba siku mashine itakapounganishwa na ubongo, watu watauhama ulimwengu huu. Ukizifungua hadithi hizo moja moja, utakuta zinaonya juu ya mambo manne ambayo hayana undugu wa karibu. Kuna waya unaochochea hamu. Kuna ulimwengu bandia unaochukua nafasi ya huu wetu. Kuna mwili unaoachwa kitandani. Na kuna mwenye mtambo. Yakichanganywa, mjadala unapotea. Mtu anauliza kama tumefika kwenye ulimwengu wa sinema ya The Matrix, ambamo watu wanaishi ndani ya ulimwengu bandia bila kujua, anaambiwa bado sana, anashusha pumzi. Hapo ndipo anapokosea hesabu, maana lililo mbali kuliko yote ndilo lililotengenezewa sinema nyingi, na yaliyobaki mengine yameshabisha hodi.

Mkono na uso

Chanzo cha waya wa Niven kinajulikana. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, James Olds na Peter Milner walikuwa wakipandikiza elektrodi, yaani ncha za waya za kupitishia umeme, kwenye bongo za panya. Walilenga eneo linalohusika na kuuamsha mwili, lakini kwa panya mmoja elektrodi ilikwenda kombo ikatua jirani na eneo liitwalo septamu. Panya huyo akawa na tabia ya ajabu: kila alipoachiwa, alirudi kwenye pembe ya meza aliyopewa umeme. Wakamtengenezea kisanduku chenye kibonyezo ili ajipe mwenyewe. Katika majaribio yaliyofuata kuna panya waliobonyeza maelfu ya mara kwa saa. Mwaka 1965 watafiti wengine waliwapa panya muda mfupi tu kwa siku wa kuchagua kati ya kibonyezo cha chakula na cha umeme, na baadhi yao wakamaliza muda wote kwenye umeme, wakakonda kwa njaa na chakula kipo.

Magazeti yakaliita eneo hilo kituo cha raha, na waandishi wa riwaya wakalipokea jina hilo kama lilivyo. Ilionekana wazi: anayebonyeza mara elfu bila shaka anafurahi mara elfu.

Binadamu nao waliingizwa. Katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, Robert Heath alipandikiza elektrodi kwa wagonjwa kuanzia miaka ya 1950. Kijana mmoja, anayejulikana kwenye makala ya 1972 kwa alama ya B-19 tu, alipewa kisanduku chenye vibonyezo akakibonyeza zaidi ya mara elfu katika kikao cha saa tatu, na alipinga kila kilipochukuliwa. (Jaribio lenyewe lilikuwa la aibu. Lengo lake lilikuwa kumbadili kijana huyo mapenzi yake kwa wanaume, na leo hutajwa kwenye madarasa ya maadili ya utafiti kama mfano wa lisilofaa kurudiwa.) Wengi waliosoma taarifa za Heath waliona raha. Waliorudi kuzisoma miaka mingi baadaye waliona jambo jingine: mtu anayebonyeza kana kwamba yuko karibu kufika, na hafiki.

Fundo hili lilifunguliwa kwa kiasi kikubwa na Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa njia rahisi hata inachekesha: waliwaangalia panya usoni. Panya akidondoshewa maji ya sukari ulimini hulamba midomo. Akipewa kitu kichungu, hukenua na kutikisa kichwa. Mtoto mchanga wa binadamu hufanya karibu vivyo hivyo. Kwa hiyo uso ni kipimo cha utamu, na mkono unaobonyeza ni kipimo cha hamu. Watafiti walipoharibu karibu yote ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwayo, panya hawakukisogelea chakula kabisa, ikabidi walishwe kwa mpira. Lakini wakidondoshewa sukari bado walilamba midomo. Utamu ulikuwepo, hamu imekufa. Kinyume chake nacho kikaonekana: mwaka 1991 panya waliochochewa kwa umeme kwenye haipothalamasi, eneo dogo la chini ya ubongo, walikula kwa pupa, huku nyuso zao zikionyesha karaha zaidi, si ridhaa zaidi.

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Waya ule ulikuwa wa kuchovya bila asali.

Waliotumia heroini, au waliomuuguza ndugu aliyeitumia, wanaijua tofauti hii bila kusoma jarida lolote. Arosto ina mwisho, ni siku kadhaa za jasho, kuhara na mifupa kuuma. Hamu inayomrukia mtu miezi sita baadaye anapopita kwenye kijiwe cha zamani haina uhusiano na arosto, wala haiahidi raha aliyoipata mara ya kwanza. Wanaocheza kile kindege cha kubeti kwenye simu nao wanaujua mkono usiotulia, ingawa uso umeshachoka. Hakuna aliyewatoboa fuvu.

Kwa hiyo onyo la waya ndilo lililo sahihi kuliko yote manne, isipokuwa kwa kosa moja la uchoraji. Maiti ya Niven haikupaswa kutabasamu. Alama ya kweli ya hatari hii ni kidole chenye kidonda, na hii si tofauti ya urembo tu. Mtengenezaji wa kifaa akiulizwa kama wateja wanafurahia, ataonyesha saa walizotumia, kana kwamba saa zinapima uso. Saa zinapima mkono.

Kusoma, kuandika, kuzuia

Kwa ulimwengu bandia wenyewe, mfano mzuri ni kofia ya NerveGear iliyo kwenye Sword Art Online, masimulizi ya Mjapani Reki Kawahara yaliyotoka kama kitabu mwaka 2009. Wachezaji 10,000 wanalala, wanavaa kofia, wanajikuta ndani ya gemu wasilotoka. Ni mfano mzuri kwa sababu mwandishi hakukwepa kueleza mtambo unafanya nini. Unasoma amri ambazo ubongo unaupelekea mwili, unauandikia ubongo kile ambacho macho, masikio na ngozi vingeuletea, na unazuia amri zisifike kwenye misuli, ili anayekimbia ndani ya gemu asiangushe meza chumbani. Kazi hizo tatu ziko katika hatua tofauti kabisa.

Kusoma kumepiga hatua. Kifaa kilichofanyiwa kazi kwa muda mrefu zaidi ni kigae kidogo cha elektrodi kiitwacho kigae cha Utah, mraba wa milimita 4 kwa 4 wenye sindano 100, na 96 kati yake hurekodi. Kila sindano haizidi milimita moja na nusu. Mwaka 2004 kilipandikizwa kwa kijana wa Kimarekani aliyepooza kuanzia shingoni kushuka. Utaratibu wake haujabadilika sana tangu hapo. Daktari wa upasuaji anafungua fuvu juu ya sehemu ya gamba la ubongo inayoendesha mkono na kukipachika kigae. Mgonjwa akishapona jeraha, anaonyeshwa kishale kinachotembea kwenye skrini na kuombwa afikirie kwamba mkono wake ndio unaokisukuma. Kompyuta inahesabu mipigo ya umeme inayosikika kwenye kila sindano, kwa vipande vya muda vya sehemu ndogo ya sekunde, kisha inatafuta kanuni ya hesabu inayoyaoanisha mahesabu hayo na mwendo wa kishale. Kanuni ikipatikana, kishale kinaachwa kifuate ubongo. Kinayumba, kinarekebishwa, kinatulia.

Kinachoharibika kinajulikana. Ubongo hucheza ndani ya fuvu kwa kila pumzi na kila mpigo wa moyo, kwa hiyo sindano iliyokuwa ikisikiliza seli fulani jana leo inasikiliza jirani yake, na kanuni ya jana haifai. Mwili pia hujenga kovu kuzunguka kitu kigeni, na sauti hufifia kadiri miaka inavyopita. Kampuni ya Neuralink ilipompandikizia mtu wa kwanza Januari 2024, ilitumia elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64 laini kuliko sindano. Baada ya wiki chache nyuzi nyingi zilichomoka kutoka kwenye ubongo, na wahandisi wakalazimika kubadili namna ya kuzisoma zilizobaki ili kishale kirudie kasi yake.

Elektrodi 1,024 zinasikika nyingi. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Gawanya, utapata elektrodi moja kwa seli milioni 84: ni kama kuweka kipaza sauti kimoja kwa nchi yenye watu wengi kuliko Tanzania, ukitegemea kusikia nani anawaza nini. Kishale kinawezekana kwa sababu mwendo wa mkono ni wimbo unaoimbwa na seli nyingi kwa pamoja. Kumbukumbu ya harufu ya jikoni kwa bibi siyo wimbo wa namna hiyo.

Kuandika ni kugumu zaidi. Mwaka 1968 Giles Brindley na Walpole Lewin, nchini Uingereza, walieleza jinsi walivyompandikizia mwanamke asiyeona elektrodi 80 juu ya gamba la kuona. Umeme ulipopita aliona vimulimuli, nukta za mwanga zinazoelea. Zaidi ya nusu karne imepita na lugha hiyo bado ni ya vimulimuli. Kifaa cha Argus II, kilichokuwa kikiwekwa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kilikuwa na elektrodi 60, wakati neva ya jicho moja ina nyuzi kama milioni moja. Kuongeza idadi peke yake hakutoshi. Umeme husambaa, na ukiamsha seli unayoitaka unaamsha na majirani zake wenye kazi nyingine. Ukipunguza hauamshi kitu, ukizidisha unaharibu tishu au unaanzisha degedege.

Kwenye mguso kuna habari njema kidogo: mwaka 2016 watafiti wa Pittsburgh walieleza jinsi mtu aliyepooza alivyohisi kuguswa kwenye vidole vyake kupitia elektrodi zilizo ubongoni, ingawa mara nyingi hisia zenyewe zilikuwa za mgandamizo au mtetemo, si za ngozi kamili. Na kwenye masikio kuna mafanikio makubwa, kwa kuwa kipandikizi cha koklea (sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa ishara za neva), ambacho kwa kawaida hakizidi njia 22 za umeme, kimewafikia watu zaidi ya milioni moja. Lakini wengi wao huhitaji mazoezi ya miezi kadhaa kabla kelele haijageuka maneno. Kifaa hakiandiki sauti. Kinatoa vidokezo, na ubongo unajifunza kuvisoma.

Kuzuia kuna mfano wa bure uliomo mwilini mwetu. Kila usiku, wakati wa usingizi wa ndoto, shina la ubongo hukata amri zinazokwenda kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana unaruka ukuta ndotoni bila kuvunja kitanda. Breki hiyo ikilegea, mtu humpiga ngumi anayelala naye, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1980. Ikichelewa kuachia, unaamka akili ikiwa macho na mwili umefungwa, na ndilo hilo watu wanaloliita kukabwa na jinamizi. Hakuna kofia inayoweza kuiwasha na kuizima breki hiyo kwa amri. Dawa za hospitali zinazolegeza misuli yote zinaweza, lakini hulegeza pia misuli ya kupumulia, na mgonjwa huwekewa mashine.

Kwa hiyo kofia ya Kawahara haiko njiani kuja. Mpolandi Stanisław Lem aliyazungumzia haya kwa utulivu mwaka 1964, akaipa elimu hiyo ya kubuni jina la fantomatiki, na swali lake kubwa likawa ni kwa jinsi gani aliyemo ndani angejua kwamba ametoka. Ni swali tamu la kifalsafa. Kama onyo la kutoroka, naliona halina nguvu, kwa sababu kutoroka hakujawahi kusubiri udanganyifu uwe kamili. Mwaka 2005, katika mji wa Taegu, Korea Kusini, kijana wa miaka 28 alikufa baada ya kucheza gemu kwa takribani saa 50, akisimama kwa nadra mno. Mwaka 2009, katika nchi hiyohiyo, mtoto wa miezi mitatu alikufa kwa njaa huku wazazi wake wakishinda kwenye mgahawa wa intaneti, na gemu walilokuwa wakicheza lilikuwa na mtoto wa kike wa kubuni waliyekuwa wakimlea. Hapakuwa na waya wala kofia. Palikuwa na skrini bapa, kibodi na kipanya.

Nani anamgeuza?

Hadithi nyingi humlaza mhusika, zikamchomeka, kisha zikaondoka naye. Kinachobaki kitandani hakisimuliwi. Muuguzi yeyote wa wodi ya mifupa anaweza kukujazia sehemu hiyo. Mtu asiyejigeuza huanza kuharibika ngozi pale mfupa unapoikandamiza kwenye godoro: juu ya makalio, visiginoni, kwenye mabega, kisogoni. Damu haipiti, ngozi inakuwa nyekundu, kisha inachubuka, na kikiachwa kidonda hufika mfupani. Kanuni ya wodini ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, yaani mara 12 kwa siku. Damu ya miguuni ikilala inaganda, na bonge likipanda kwenye mapafu linaua ghafla. Mpira wa mkojo huingiza wadudu. Mpira wa puani ukikaa vibaya, chakula kinakwenda kwenye mapafu. Kila kimoja kati ya hivi kinahitaji mikono ya mtu aliye nje, macho, na mshahara.

Kawahara alilifikiria, wahusika wake wanahamishiwa hospitalini. William Gibson, katika Neuromancer ya 1984, alifanya jambo la hila zaidi: mhusika wake Case, aliyeharibiwa neva asiweze tena kuingia kwenye ulimwengu wa data, anauita mwili nyama. Dharau hiyo ndiyo onyo lenyewe, na wasomaji wengi vijana waliipokea kama ushujaa. Muda mrefu kabla yake, mwaka 1909, E. M. Forster aliandika juu ya watu wanaoishi kila mmoja kwenye chumba chake chini ya ardhi, wakihudumiwa kwa vitufe. Kwake watoto wanaozaliwa na dalili ya nguvu nyingi huuawa, maana mwenye misuli angesumbuka mahali pasipo na kazi ya misuli. Forster hakuwa na elektrodi hata moja, na bado ameona jambo ambalo wengi waliomfuata walilipita: mwili uliodharauliwa kwa vizazi viwili vitatu hauwezi kurudi kazini siku mtambo unapokufa.

Mwenye swichi

Hadithi ninayoiweka juu ya zote ni ya 1973, ya Alice Sheldon, aliyeandika kwa jina la kiume la James Tiptree Jr. Matangazo ya biashara yamepigwa marufuku. Kampuni inakwepa sheria kwa kutengeneza mwili mzuri wa msichana usio na akili ndani, unaotembea mbele ya kamera akitumia bidhaa. Anayeuendesha kwa ubongo wake kutoka chumba cha chini ni P. Burke, msichana aliyeumbuliwa na ugonjwa, aliyewahi kujaribu kujiua. Yeye hatoroki kwa uvivu. Kule ndani anapendwa, huku nje watu humgeuzia uso. Lakini kila dakika ya maisha yale mazuri ni mali ya mwajiri, na swichi haiko mikononi mwake.

Upande huu haukuhitaji kusubiri elektrodi zifike milioni. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza Argus II ilikaribia kufilisika mwaka 2020, na watu zaidi ya 350 duniani wakabaki na vifaa machoni visivyo na fundi, vipuri wala masasisho. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwanamke mmoja mwenye kifaa hicho alikuwa karibu kushuka ngazi kubadilisha treni mjini New York aliposikia milio mitatu, na uoni aliokuwa amerudishiwa ukazimika palepale. Kifaa chake hakikuamka tena.

Sheria zimeanza kusogea. Chile iliongeza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021, na mwaka 2023 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamuru kampuni moja ya vifaa vya kichwani ifute data za ubongo za mteja aliyeshtaki. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019, inapofafanua data za kibayometriki, inataja alama za vidole, vinasaba, retina, sauti, na hata umbo la ndewe ya sikio. Ishara za ubongo hazikutajwa kwa jina. Ni upungufu unaoeleweka kwa mwaka ule, na ni rahisi kuurekebisha kabla vifaa havijaanza kuuzwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki jijini Nairobi.

Kutoka wapi?

Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza: ukipewa mtambo utakaokupa maisha yoyote unayotaka, usijue kuwa ni bandia, utaingia? Aliamini wengi tungekataa, kwa kuwa tunataka kufanya mambo, si kuhisi tu kwamba tumeyafanya. Mwaka 2010 Felipe De Brigard aliligeuza swali. Aliwaambia watu kwamba tayari wamo ndani ya mtambo, je, watoke? Majibu yaligawanyika karibu nusu kwa nusu. Lakini walioambiwa kwamba huko nje wao ni wafungwa gerezani, walio wengi walichagua kubaki.

Philip K. Dick, mwandishi mwingine wa hadithi za kisayansi, alishalijua hilo katika riwaya yake ya 1965. Walowezi wake wanaotoroka kwa dawa na wanasesere wametupwa Mars kwa lazima, kwenye mashimo, mahali ambapo hakuna kinachoota. Msomaji akimlaumu mlowezi kwa kutumia dawa, amewaachia waliompeleka. Shirika la Afya Duniani, lilipoingiza ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, halikuweka idadi ya saa. Linaangalia kushindwa kujizuia, gemu kupanda juu ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Saa nane za gemu si ugonjwa zenyewe.

Noland Arbaugh, yule wa Neuralink wa 2024, alieleza hadharani kwamba baada ya kupandikizwa alicheza gemu la Civilization VI kwa saa nane mfululizo. Amepooza kuanzia mabegani kushuka, na gemu hilo alikuwa amelikatia tamaa kwa kuwa hakuweza kulicheza bila kusaidiwa. Kwa mtu aliyekuwa akimsubiri mwingine amsogezee kila kitu, usiku ule ulikuwa wa kutoka nje. Kilichomsimamisha ni betri. Ilibidi angoje kipandikizi kichajiwe. Mhandisi ataiona betri hiyo kama kasoro ya kuondolewa kwenye toleo lijalo, na mtumiaji atamshukuru.

Kwenye vipandikizi vya hospitali, kama vile vya kutuliza ugonjwa wa Parkinson, breki huwekwa kwa makusudi. Daktari anapanga kiwango cha chini na cha juu, na mgonjwa akipewa rimoti anacheza katikati ya hapo tu. Yule mwanamke wa 1986 alikuwa na kitufe, na jamaa zake wakageuzwa kuwa breki. Nchini Ujerumani kulikuwa na kijana wa miaka 33 mwenye wasiwasi mkubwa na mawazo yanayojirudia, aliyewekewa elektrodi kwenye eneo la ubongo linalohusika na hamu na malipo. Betri ilipobadilishwa, daktari alipandisha volti hatua kwa hatua akimuuliza anavyojisikia. Kwenye hatua moja alijisikia vizuri kupita kiasi, mpaka hali yenyewe ikamtisha, wakashusha. Siku iliyofuata alirudi. Alisema hali yake si mbaya, ila angependa kuongezewa kidogo, awe na furaha zaidi kwa wiki chache zijazo. Daktari alikataa. Mwaka 2012 kisa hicho kiliandikiwa makala ya kitaaluma ambayo kichwa chake ni swali: furaha kiasi gani ni furaha iliyozidi?